Treni Isimame Wapi?

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulilalamikia na wachache hulifikiri. Jambo lenyewe ni ratiba ya treni za vitongojini, yaani zile zichukuazo watu asubuhi kutoka pembezoni mwa mji mkubwa, zikawapeleka kazini na shuleni, na jioni zikawarudisha makwao.

Mtu asimamaye kando ya reli akiona treni yampita pasipo kusimama, husema, "Wakubwa wa reli hawatujali." Na mtu aliye ndani ya treni hiyo, ikiwa yasimama kila baada ya hatua chache, husema, "Hii si treni, ni mkokoteni." Wote wawili wana haki ya kusema, lakini haiwezekani wote wawili wapewe watakalo kwa treni moja. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Basi na tuone jinsi wapangao saa za treni wachaguavyo njia yao, na jinsi sisi tuwezavyo kupima kama wamechagua vema.

Kwanza tuulize: kusimama mara moja kwagharimu nini? Tuseme treni yaenda kilomita 60 kwa saa, yaani kilomita 1 kwa kila dakika 1. Dereva hawezi kuizuia ghafla kama mtu avutaye hatamu ya punda. Hana budi kuanza kuipunguza mbio mamia ya mita kabla ya kufika kituoni. Kisha milango hufunguliwa, watu hushuka na wengine hupanda, mwenye mzigo huuingiza mzigo wake, na gadi hutazama kama hapana aliyening'inia mlangoni ndipo atoe ishara. Halafu treni hujikokota polepole mpaka irudie mbio zake za kwanza. Tukijumlisha muda wote uliopotea, tukaulinganisha na muda ambao treni ingelipita moja kwa moja, twaweza kukisia kuwa kila kituo chala dakika 2 hivi. Treni nzito ivutwayo na kichwa kimoja hupoteza zaidi. Treni ya umeme yenye mota chini ya mabehewa yake hupoteza kidogo, kwa kuwa hushika mbio upesi.

Dakika 2 si kitu, mtasema. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Tufikiri njia ya kilomita 20 kutoka kitongoji cha mwisho mpaka mjini, yenye vituo 9 katikati. Treni isiyosimama popote ingelifika kwa dakika 20. Treni isimamayo katika vituo vyote 9 hutumia dakika 18 zaidi, jumla dakika 38. Mtu wa kitongoji cha mwisho, kwenda na kurudi, hutoa dakika 36 kila siku kwa ajili ya vituo vya wengine. Akifanya kazi siku 25 katika mwezi, amepoteza saa 15. Hili si jambo dogo kwa mtu aamkaye kabla ya jogoo wa kwanza.

Sasa tuigeuze mizani upande wa pili. Tuseme treni inakaribia kituo kidogo, na ndani yake wamo watu 800. Ikisimama, kila mmoja wao atapoteza dakika 2, jumla dakika 1,600. Kituoni wanangoja watu 20. Isiposimama, itawapasa kwenda kwa miguu kilomita 3 mpaka kituo cha pili, mwendo wa dakika 40, jumla dakika 800. Kwa hesabu hii tupu, treni ipite. Lakini wangekuwa watu 50, jumla yao ingekuwa dakika 2,000, na hesabu ile ile ingesema treni isimame. Ndivyo wapangaji wa ratiba waanzavyo kupima: walio ndani ya treni upande mmoja, na wanaongoja nje upande wa pili.

Tazameni sasa jambo ambalo huwashangaza wengi. Watu hudhani kwamba kituo kinachostahili kurukwa ni kile kilicho mbali na mji, kwa kuwa kina watu wachache. Lakini asubuhi treni itokayo mbali ni tupu. Ikisimama katika vituo vya mwanzo, wanaocheleweshwa ni wachache, maana wengi hawajapanda bado. Kadiri iukaribiavyo mji ndivyo inavyojaa, na kila kituo cha karibu na mji huwachelewesha watu wengi zaidi. Tena, ifikapo katika vituo hivyo vya mwisho, hapana hata pa kuweka mguu. Anayengoja huko huona mlango ukifunguka, migongo ya watu imeuziba, kisha ukafungwa. Treni imesimama, imewachelewesha watu 800, wala haikumsaidia yule mmoja.

Kwa sababu hiyo, miji mingi yenye treni nyingi huigawa njia katika sehemu mbili. Katika mfano wetu, treni ya nje huanza kitongoji cha mwisho, husimama katika vituo 4 vya mbali na kituo cha tano cha katikati, kisha hupita vituo 4 vya ndani bila kusimama. Safari yake ni dakika 20 na dakika 10 za vituo 5, jumla dakika 30 mahali pa 38. Treni ya ndani huanza tupu pale pale kituo cha katikati, kilomita 10 kutoka mjini, na kusimama katika vituo 4 vya ndani. Safari yake ni dakika 18 tu, na watu wa vituo vya karibu hupata mahali pa kuingia. Zaidi ya hayo, kwa kuwa safari ni fupi, mabehewa yale yale huweza kurudi na kuchukua watu mara ya pili kabla saa za kazi hazijaanza. Na mtu atokaye mbali, naye ataka kushuka katika kituo cha ndani? Huyo hushuka kituo cha katikati akapanda treni ifuatayo.

Hapo mwanafunzi mwenye akili atauliza: je, treni ya nje haitaifikia treni ya ndani mbele yake? Ameuliza vema. Kutoka kituo cha katikati mpaka mjini, treni ya nje hutumia dakika 10 na ya ndani hutumia 18. Kama ya ndani ikitangulia kwa dakika 3, ya nje itaikuta njiani na kulazimika kutambaa nyuma yake, na faida yote itapotea. Kwa hiyo ya nje hutangulia, na ya ndani huifuata. Kisha treni ya nje inayofuata haina budi kukaa nyuma kwa dakika 8 za tofauti, pamoja na dakika chache za usalama. Hivyo utaratibu mzuri si wa mbio tu. Nani amtangulie nani, hilo nalo ni sehemu ya kazi.

Miji mingine ilitibu ugonjwa huu kwa reli nyingi. Njia ya chini ya ardhi ya New York, iliyofunguliwa mwezi wa Oktoba 1904, ilijengwa tangu mwanzo na reli 4 katika sehemu yake kubwa: 2 za treni zisimamazo kila kituo, na 2 za treni za haraka. Hapo aendaye mbio hamngoji aendaye polepole. Wajapani nao, walipofungua reli yao mpya ya Tokyo na Osaka tarehe 1 Oktoba 1964, waliweka treni za namna mbili juu ya reli zile zile. Ya haraka, iitwayo Hikari, ilisimama Nagoya na Kyoto tu, ikafika kwa saa 4. Ya pili, iitwayo Kodama, ilisimama katika vituo vyote, ikafika kwa saa 5. Ili Hikari isizuiwe, Kodama iliingia kando kituoni, ikangoja ipitwe, ndipo ikaendelea. Basi saa 1 ile ya tofauti haikuwa ya kufungua na kufunga milango tu. Sehemu yake ilikuwa ya kumpisha mwenye haraka. Njia ile ni ya safari ndefu, si ya vitongoji, lakini somo lake ni lile lile: treni ya mbio haiji bure; yuko mtu mahali fulani anayekaa akiingoja ipite.

Lakini tusije tukadhani kwamba kugawa treni ni dawa ya kila mahali. Mwaka 1948, katika mji wa Chicago, Marekani, njia ya Lake Street ya treni za mjini ilianza desturi ya kuziita treni A na B. Treni A zilisimama katika vituo vya A, treni B katika vituo vya B, na zote mbili katika vituo vikubwa. Kwa njia hiyo kila treni iliruka vituo kadhaa, na watu wakafika upesi. Desturi hiyo ilienea katika njia nyingine za mji ule. Walakini mwaka 1995 ilikomeshwa. Ubaya wake ni rahisi kuuona. Treni zikiwa nyingi, mtu wa kituo cha A akipitwa na treni B, A yaja nyuma yake mara. Treni zikipungua, mtu huyo huona treni ikimpita, akangoja muda mrefu nyingine, na dakika alizozipata ndani ya treni amekwisha kuzipoteza nje.

Hesabu ya kungoja ni hii. Treni zikija kila baada ya dakika 60, mtu afikaye kituoni bila kujua saa hungoja kwa wastani dakika 30, ambazo ni nusu ya muda ule. Zikija kila baada ya dakika 20, hungoja dakika 10. Sasa linganisheni katika njia yetu ya kilomita 20. Treni ya haraka irukayo vituo 6 hufika kwa dakika 26, lakini yaja mara 1 kwa saa: 26 na 30 ni dakika 56. Treni isimamayo kila mahali hufika kwa dakika 38, lakini yaja mara 3 kwa saa: 38 na 10 ni dakika 48. Ile ya polepole imeshinda! Kutokana na hayo twaweza kuweka kanuni moja: mahali penye treni chache, zote na zisimame kila kituo, mpaka zitakapokuwa nyingi, ndipo zigawanywe.

Na sasa tuje kwetu. Reli za kwanza za Afrika ya Mashariki hazikujengwa kwa ajili ya vitongoji, kwa kuwa vitongoji havikuwako. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na mahali pale palichaguliwa kuwa kituo cha kazi cha reli kabla ya njia kuanza kupanda milima. Mji ukafuata reli. Huko Dar es Salaam ujenzi wa reli ya kati ulianza mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Injini za siku zile zilitaka maji na kuni au makaa, na treni zilizokutana zilitaka mahali pa kupishana. Basi vituo viliwekwa kwa kufuata haja hizo. Leo watu maelfu wamejenga nyumba mahali ambapo zamani palikuwa na nyasi tu, wala reli haikuwa na sababu ya kusimama.

Tena reli hizo za zamani, kwa sehemu kubwa, ni njia moja tu. Treni iendayo na treni irudiyo hutumia vyuma vile vile. Hapa ndipo wengi wasipoelewa kwa nini hawapati treni kila baada ya dakika 10. Tuseme kutoka mahali pa kupishana mpaka mahali pa pili pa kupishana ni mwendo wa dakika 15. Treni ya kwanza ikiingia katika sehemu hiyo, ya upande wa pili hukaa ikingoja dakika 15. Ikishatoka, ile ya pili huingia, na yule wa upande wa kwanza hungoja dakika 15 nyingine. Zikiongezwa dakika za kugeuza njia na kutoa ishara, mzunguko mmoja wapita dakika 30. Kwa hiyo haziwezi kupita hata treni 2 kamili kwa saa kila upande, ijapokuwa mabehewa yamejaa ghalani na madereva wamekaa bila kazi. Na treni za mizigo na za safari ndefu nazo zadai nafasi yao humo humo. Mpangaji wa ratiba katika njia ya namna hii haanzi kwa kuuliza watu wako wapi. Huanza kwa kuuliza treni zitapishana wapi.

Jambo hili laweza kufundishwa darasani kwa karatasi yenye miraba na rula. Andikeni saa kwa ulalo, kutoka kushoto kwenda kulia. Andikeni vituo kwa wima, kutoka juu kwenda chini. Kila treni ni mstari ulioinama: treni ya mbio mstari wake umesimama zaidi, treni ya polepole umelala zaidi, na treni iliyosimama kituoni mstari wake ni wa ulalo kabisa. Mistari ya treni iendayo na treni irudiyo ikikatana, hapo ndipo zitakapokutana. Na pasipokuwa na mahali pa kupishana hapo, ratiba hiyo ni ajali iliyoandikwa kwa kalamu. Mchoro wa namna hii wa treni za Paris na Lyon ulichapwa na mtaalamu wa Kifaransa, E. J. Marey, katika kitabu chake cha karne ya 19, na mpaka leo wapangaji wa treni wautumia. Mtoto akisha kuuchora mara moja hawezi tena kuitazama ratiba kama orodha ya saa tu.

Mchoro huo utatuonyesha jambo jingine la hatari. Katika njia moja, kituo kipya hakiongezi dakika 2 tu. Treni ikichelewa dakika 2 kabla ya kupishana, mwenziwe hungoja dakika 2. Naye huchelewa kupishana na wa tatu. Na ule uchelewaji husafiri njia nzima kama habari mbaya kijijini. Au itabidi mahali pa kupishana pahamishwe nyuma, na treni ingoje dakika 15 badala ya 2. Kwa sababu hiyo, wakubwa wa reli wakisema kituo hakiwezekani, si lazima kwamba wamedharau. Lakini yafaa watuonyeshe mchoro.

Mwaka 2012 miji yetu miwili mikubwa iliianza kazi hii kwa nguvu mpya. Nairobi ilifungua kituo cha Syokimau, na treni zikawa zapita Imara Daima na Makadara kuingia mjini. Dar es Salaam ilianzisha treni za asubuhi na jioni katika njia mbili: moja ya reli ya kati mpaka Ubungo Maziwa, na moja ya TAZARA mpaka Mwakanga. Watu waliziita "treni za Mwakyembe", kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, Harrison Mwakyembe. Lakini reli ya kati ina upana wa milimita 1,000, na ya TAZARA milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, isiyozidi upana wa kiganja, na kwa sababu ya kiganja hicho treni ya njia moja haiwezi kuingia katika njia ya pili. Reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro mwaka 2024, ina milimita 1,435. Basi katika mji mmoja mna reli za namna tatu, na abiria atakaye kuhama kutoka moja hata nyingine hana budi kushuka na kutembea. Hapo ratiba ndiyo daraja pekee: kama saa za treni hizi hazikupatanishwa, ni kana kwamba reli zenyewe hazikukutana.

Nairobi nayo ilipata funzo hilo mwaka 2017, reli mpya ya Mombasa ilipofunguliwa na kituo chake cha Nairobi kikawekwa Syokimau, nje ya katikati ya mji. Tangu hapo treni ya kitongoji ilikuwa na mabwana wawili. Mfanyakazi ataka iondoke saa yake ya kazi. Msafiri wa Mombasa ataka imngoje hata treni yake ifike. Ikimngoja huyu, yule amechelewa. Ikimtii yule, huyu amebaki na mizigo yake kituoni.

Nchi iliyotufundisha zaidi juu ya kupatanisha treni ni Uswisi. Mwaka 1982 Waswisi walianza ratiba ya saa kwa saa: treni ikiondoka kituo fulani dakika 5 baada ya saa 1, nyingine ya njia hiyo itaondoka dakika 5 baada ya saa 2, na baada ya saa 3, hivyo hivyo mpaka usiku. Mtu hana haja ya kubeba kijitabu. Ajua dakika yake kama ajuavyo saa ya sala. Kisha, mwaka 1987, wananchi walipiga kura kukubali mpango mkubwa wa reli, uliotimizwa sehemu yake kubwa mwezi wa Desemba 2004. Shabaha yao haikuwa kukimbia kupita watu wote. Walitaka safari baina ya miji mikubwa iwe chini kidogo ya saa 1, ili treni zote zifike kituoni karibu pamoja, watu wahame, kisha zote ziondoke. Kutoka Zürich mpaka Bern ikawa dakika 56. Waliandika ratiba kwanza, ndipo wakajenga reli ya kuitimiza. Sisi mara nyingi hujenga kwanza, kisha tukatafuta saa.

Tumesema mengi ya hesabu. Lakini hesabu ina upofu wake, na yatupasa kuutaja. Tulipima dakika 1,600 za walio ndani na dakika 800 za walio nje, kana kwamba dakika zote ni sawa. Je, ni sawa? Dakika 2 za mtu aliyeketi, asomaye gazeti, ni kitu kimoja. Dakika 40 za mama aendaye kwa miguu gizani, mtoto mgongoni na kapu kichwani, ni kitu kingine kabisa. Watu 800 hawatakumbuka jioni kwamba walipoteza dakika 2. Mama yule atakumbuka kila hatua. Na mwanafunzi ambaye treni haisimami kwao hapotezi dakika, hupoteza shule.

Upofu wa pili ni wa kuhesabu wanaopanda peke yao. Kituo ambacho treni husimama mara moja kwa siku, tena saa isiyofaa, hakitakuwa na abiria. Mwaka ukiisha, karatasi huandikwa kuwa kituo hiki hakina watu, kifungwe. Ni sawa na kufunga duka siku sita, kulifungua siku ya saba, kisha kusema wanunuzi hawapo. Atakaye kujua haja ya kituo na ahesabu pia nyumba zilizo karibu nacho, na wale wapitao kando ya reli kwa miguu au kwa daladala, wakiitazama treni ikipita.

Basi, ndugu zetu, siku yaja ambayo katika baraza yenu mtaulizwa treni isimame wapi. Msiseme tu, "Kwetu." Ulizeni maswali manne. Kwanza: ni treni ngapi kwa saa? Zikiwa chache, daini zote zisimame; zikiwa nyingi, kubalini zigawanywe. Pili: ifikapo kwetu, treni ina watu wangapi ndani, na ina nafasi? Yamkini faida yenu si kusimamisha treni iliyojaa, bali kuanzishiwa treni tupu. Tatu: zapishana wapi, na kituo chetu kitavunja mapishano gani? Huenda fedha ya njia ya kupishana ikawafaa kuliko fedha ya jengo zuri la kituo. Nne: asiyepata treni atakwenda kwa njia gani, umbali gani, na saa ngapi?

Nao wapangaji wa ratiba wana deni moja kwetu, kubwa kuliko yote. Ratiba ni ahadi. Wakisema treni itafika saa 12 na dakika 10 asubuhi, mtu amepanga usingizi wake, uji wa watoto wake, na riziki yake juu ya neno hilo. Ni heri kuahidi dakika 40 na kuzitimiza kuliko kuahidi 30 na kufika kwa 45. Kawia ufike ni mithali njema, lakini anayejua kwamba atakawia na amwambie mwenziwe mapema, ili naye asikimbie bure.

Watu wa kitongoji cha mwisho na watu wa kituo kidogo hawakuwa adui hata kidogo. Reli ni moja, nao ni majirani juu yake. Kila dakika apewayo mmoja imetoka kwa mwingine, na haki ni kuijua hesabu hiyo na kuipima mbele ya wote, mchana, kabla treni haijaondoka.